Kura za maoni zina mlango, na mlango unafungwa mapema: kutoka kwa watu wa Ron Paul 2007 mpaka kwa dogo wetu hapa Moshi

Wakuu habari za jioni.

Huu uzi nimekaa nao kichwani miaka, kila nikitaka kuuandika naona watu watasema habari za Marekani za 2007 zinatuhusu nini. Ila juzi kuna chalii wa Arusha kanipigia simu ananiambia kaka nataka kutia nia, nina wafuasi elfu kumi na nane Instagram, watu wananielewa sana, nisaidie kupanga kampeni. Nikamuuliza kadi ya chama unayo? Akanyamaza kidogo halafu akasema kadi nitachukua tu kaka, hicho ni kitu kidogo. Nilipokata simu sikulala vizuri. Hicho kitu kidogo ndicho kilichotumaliza sisi, na ndicho kilichowamaliza watu wenye mamilioni ya dola, kwa hiyo leo naandika yote. Ni mrefu, mnivumilie.

Mwaka 2007 nilikuwa na intaneti kafe hapa Moshi mjini, kompyuta sita, moja mbovu. Mkongo wa baharini ulikuwa bado haujafika, ulikuja 2009, kwa hiyo tulikuwa tunatumia dishi, ukurasa wenye picha unaufungua, unaongea na mtu hali za nyumbani, unarudi ndio unamalizia kufunguka. Wateja wangu wakubwa walikuwa wazungu, wanaokuja kupanda mlima na wale wa kujitolea mashuleni. Wanaandika barua pepe kwao, wanalipa, wanaondoka.

Sasa mmoja wa hao wa kujitolea, Mmarekani, kijana tu, alikuwa anafundisha hesabu shule moja ya huko juu. Yeye alikuwa tofauti. Kila jioni akishuka na daladala anakaa kompyuta ya pembeni, anafungua ukurasa mmoja una namba inapanda na majina ya watu yanapita, anaangalia tu. Wiki nzima. Nikadhani kamari, nikamwambia kaka hapa kamari hapana. Akacheka, akanigeuzia kioo nione. Akasema hizi ni hela za kampeni, kila jina linalopita hapo ni mtu wa kawaida kachangia sasa hivi. Mgombea anaitwa Ron Paul.

Kwa wasiomjua: huyu alikuwa mbunge wa Texas, daktari wa akina mama wajawazito, kazalisha watoto zaidi ya 4,000 kwenye kazi yake. Mwaka 1988 alishagombea urais kwa chama kidogo cha Libertarian akaambulia kidogo sana, halafu 2007 akiwa na miaka 71 akaingia kwenye mchujo wa chama cha Republican, yaani kura zao za maoni. Ndani ya chama kile alikuwa kama mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe. Alipiga kura ya hapana vita ya Iraki 2002 wakati karibu chama chake chote kimesema ndiyo, na alikuwa anataka benki kuu yao ifutwe. Magazeti makubwa yalikuwa yanamuweka mwisho wa orodha, yakimuweka.

Kilichowasha moto ni mdahalo wa tarehe 15 Mei 2007 kule South Carolina. Paul alisema mashambulizi ya Septemba 11 yana uhusiano na jeshi lao kukaa na kupiga mabomu Mashariki ya Kati miaka mingi. Rudy Giuliani, aliyekuwa meya wa New York siku ile, akamrukia palepale akamtaka afute kauli, ukumbi mzima ukampigia Giuliani makofi. Wakubwa wote wakasema mzee kajimaliza. Lakini kipande kile cha video kikazunguka mtandaoni, na vijana waliokuwa wamechoka na vita wakasema hee, kumbe kuna mtu ndani ya chama hicho anaweza kusema hivi? Kuanzia hapo ikawa mvua.

Na hapa ndipo ninapowapendea wale watu mpaka leo. Hakuna aliyewatuma. Kulikuwa na saiti inaitwa Meetup ya kukutanisha watu wa mji mmoja, makundi ya Ron Paul yakapita elfu moja, zaidi ya mgombea mwingine yeyote. Walikuwa wanachora mabango wenyewe kwa mkono wanayafunga kwenye madaraja ya barabara kuu. Kuna waliochanga hela wakakodi puto kubwa, lile la kuruka kama ndege, likiwa na jina lake ubavuni, likazunguka angani Desemba ile. Kampeni yenyewe rasmi ilikuwa ndogo inashangaa tu, yaani mzee anafika mji asioujua anakuta watu mia tano wanamsubiri na hakuna mwajiriwa wake hata mmoja aliyepanga.

Halafu tarehe 5 Novemba. Mtu mmoja anaitwa Trevor Lyman, ambaye hakuwa mwajiriwa wa kampeni, alitengeneza saiti akasema jamani tuchange wote siku moja, kishindo kimoja, ili hata asiyetaka kutuandika aandike. Wakachagua tarehe 5 Novemba, siku ya Guy Fawkes, yule wa njama ya baruti ya Uingereza ya 1605. Wakaita bomu la hela. Kule siku inaisha saa sita usiku, huku kwetu ni saa mbili asubuhi ya kesho yake. Jumanne ile nafungua kafe nakuta mwalimu yuko mlangoni, hajaenda kufundisha. Tukawasha, tukasubiri dishi likae sawa. Namba ilikuwa imepita dola milioni 4. Siku moja, watu zaidi ya 35,000, na sheria yao mtu mmoja alikuwa haruhusiwi kuzidisha dola 2,300 kwa mchujo, kwa hiyo huwezi kusema tajiri mmoja kamwaga.

Mimi mwenyewe nilipata mzuka nikamwambia na mimi natoa dola tano. Akasema hapana rafiki yangu, sheria yetu mtu asiye raia haruhusiwi kuchangia hata senti, utamharibia mzee. Nikarudisha hela mfukoni. Nilikuwa sijawahi kuona siasa ambayo mtu anabembeleza kutoa, huku tulizoea mgombea ndiye anatoa, kofia, kanga, nauli.

Desemba 16, siku ambayo Wamarekani walimwaga chai ya Waingereza baharini Boston mwaka 1773, watu wa Paul wakarudia. Safari hii zaidi ya dola milioni 6 kwa siku moja, watu zaidi ya 50,000. Robo ile ya mwisho ya mwaka alikusanya karibu milioni 20, kuwazidi wagombea wote wa Republican. Kura za meseji baada ya midahalo anaongoza au yuko juu juu. Ukifungua mtandao unaona Ron Paul tu. Mwalimu wangu alikuwa na uhakika kabisa kwamba Iowa, jimbo la kwanza kupiga kura ya mchujo, wanashinda.

Ngoja niswali nile, narudi.

*

Naendelea wakuu.

Iowa ilikuwa tarehe 3 Januari 2008 jioni, huku kwetu ni alfajiri ya tarehe 4. Mnakumbuka siku zile, Kenya inaungua, sisi Moshi hapa jirani na Holili tulikuwa tunahesabu ndugu wako wapi, na TV zote za mjini ni Kenya. Halafu katikati ya moshi ule ikaingia habari kwamba Obama kashinda Iowa, watu wakashangilia mpaka kwenye vibanda vya kahawa. Mwalimu wangu alikuwa kwenye kompyuta ya pembeni anatafuta jina moja tu. Asilimia 10. Nafasi ya tano.

Kura zake Iowa hazikufika hata 12,000. Mtu ambaye wiki mbili kabla zaidi ya watu 50,000 nchi nzima wamemtumia hela kwa siku moja.

Aliyeshinda upande wa Republican alikuwa Mike Huckabee, mchungaji wa Baptisti, aliyekuwa na hela kidogo sana ukimlinganisha na Paul. Ila alikuwa na makanisa. Kokasi ya Iowa si kura ya kutumbukiza na kwenda zako, ni mkutano, unaenda usiku, Januari, barafu, kwenye shule au ukumbi wa kanisa, mnakaa, watu wanasimama wanaongea, ndio unaandika jina. Sasa nani anatoka usiku kwenye baridi ile? Anatoka yule ambaye mama fulani wa kwaya kampitia na gari akamwambia twende. Watu wa Huckabee walikuwa wanaonana kila Jumapili miaka yote kabla Huckabee hajawaza urais. Watu wa Paul wengi wao walijuana Julai.

Siku tano baadaye New Hampshire, asilimia 8, nafasi ya tano tena. Katikati hapo Fox News walifanya mjadala wao wa wagombea tarehe 6 Januari wakamuacha nje, mpaka chama cha Republican cha jimbo lile kikajitoa kwenye ushirika wa ule mjadala. Walionewa kweli na nasema wazi walionewa. Lakini hapo New Hampshire aliyeshinda ni John McCain, mtu ambaye Julai 2007 kampeni yake ilikuwa imefilisika anapunguza wafanyakazi. Alipanda basi akaenda mji kwa mji, kumbi ndogo ndogo, anajibu maswali mpaka yaishe. Hakuwa na bomu la hela.

Lakini kitu kilichonifungua macho kabisa ni cha New York.

New York ukitaka kupiga kura kwenye mchujo wa chama lazima uwe umejiandikisha kwamba wewe ni wa chama hicho. Kwa mchujo wa tarehe 5 Februari 2008, mtu aliyekwisha kujiandikisha kama wa chama kingine au kama hana chama, mwisho wake wa kubadilisha ulikuwa 12 Oktoba 2007. Sasa rudi kwenye tarehe nilizotaja. Bomu la kwanza la hela lilikuwa 5 Novemba. Siku 24 baada ya mlango kufungwa! Yaani kuna watu New York walimgundua mzee Novemba, wakamchangia Novemba na Desemba, wakachora mabango, na kura yao ilishakufa Oktoba wakati hata jina lake hawajalisikia vizuri. Mwalimu aliniambia rafiki yake wa kule alilia kwenye simu. Mtu mzima.

Ndio nikaelewa. Mpaka pale nilikuwa nadhani kwamba watu wa mtandaoni ni hewa, kelele tu. Hapana. Watu wa Paul walikuwa watu wa kweli wenye hela za kweli na mapenzi ya kweli. Ila mchujo una mlango, na funguo wanazo watu waliokuwemo ndani kabla nyinyi hamjaanza kupiga kelele. Uchaguzi mkuu kila mwenye kitambulisho anaingia. Mchujo ni wa wenye nyumba.

*

Nimeona komenti nyingi, ngoja nijibu kabla sijaenda kwenye ya kwetu.

Kuna mkuu kauliza: "Mbona Obama naye alikuwa wa mtandaoni na wa hela ndogondogo na alishinda?"

Swali zuri sana mkuu na ndilo linalonipa nguvu. Obama alikuwa na vyote viwili. Mtandao wake aliusimamia Chris Hughes, mmoja wa walioanzisha Facebook, lakini kazi ya ule mtandao ilikuwa kumtoa mtu nyumbani. Ukijiunga unapewa orodha ya majirani uwapigie simu, unafundishwa kokasi inaendaje, unaambiwa tarehe ya mwisho ya kujiandikisha ni lini. Iowa mwaka ule upande wa Democrat walijitokeza watu karibu 239,000, miaka minne kabla walikuwa kama 124,000. Wale walioongezeka ndio waliompa. Sasa mlinganishe na Howard Dean, mgombea wa mchujo wa Democrat 2004, huyu ni wa mwanzo mwanzo kuonyesha hela za mtandaoni zinakusanywaje, mpaka mwisho wa 2003 kila mtu anasema ni yeye. Akapeleka Iowa vijana 3,500 hivi wa kujitolea kutoka majimbo mengine wamevaa kofia za rangi ya chungwa, wanagonga milango ya watu wasiowajua. Nafasi ya tatu, asilimia 18. Mkulima wa Iowa anafungua mlango anamkuta mtoto wa mji mwingine anamfundisha kuhusu jimbo lake. Hebu fikiria kijana atoke Dar aje Kibosho agonge kwa mzee amwambie nani wa kumchagua.

Mwingine kasema: "Trump 2016 hakuwa na chama, mtandao ulimbeba, nadharia yako imekufa."

Haijafa mkuu. Trump alikuwa anajulikana nchi nzima kwa televisheni miaka mingi kabla, huwezi kumuweka kundi moja na Paul. Na mlango ule ule wa New York uliwafungia watoto wake mwenyewe! Ivanka na Eric hawakuweza kumpigia baba yao kura kwenye mchujo wa Aprili 2016 kwa sababu hawakubadilisha usajili kabla ya mlango kufungwa Oktoba 2015. Yeye alishinda tu New York kwa sababu alikuwa na ziada kubwa, lakini Bernie Sanders upande wa pili, ambaye vijana wengi waliompenda hawakuwa wamejiandikisha Democrat, ule mlango ulimuumiza sana. Miaka minane baada ya Paul, jimbo lile lile, kosa lile lile. Hiki ndicho kinaniuma, kwamba kila kizazi kinakuja na moto wake na hakuna aliyekiambia tarehe.

Kuna dada kauliza kuhusu yale majarida. Ni kweli dada. Januari 2008 yalifumuliwa majarida yaliyokuwa yanatoka kwa jina la Ron Paul miaka ya nyuma, yenye maneno mabaya sana juu ya watu weusi. Yeye alisema hakuyaandika na akayakana. Mimi kama mtu mweusi yaliniuma, nilimuuliza mwalimu uso kwa uso, na yeye hakuwa na jibu la kuniridhisha na alikubali hivyo. Siandiki huu uzi kumsifia mzee. Naandika juu ya watu waliomfuata na mlango uliowashinda.

Na wale wanaosema "hela ndio kila kitu", someni tena hapo juu, nani alikuwa na milioni 20 na nani alishinda.

*

Sasa ya kwetu. Chama sikitaji, kata siitaji, na tafadhali wale mnaojua msiandike.

2020 kuna dogo tumekua naye mtaa mmoja, anauza mitumba Memorial na jioni anatengeneza simu. Kijana safi, hana makuu. Mtaani kwetu kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua umekatika, kila masika maji yanaingia kwa watu, watoto wanavushwa mgongoni. Dogo akaanza kurekodi video kwa simu yake, hatukani mtu, anaonyesha tu, leo maji yamefika hapa, kesho anaweka alama ukutani kwa chaki, wiki ijayo anaonyesha yamepita alama. Video zikazunguka kila grupu la Moshi. Watu wakaanza kumwambia gombea udiwani.

Tukafungua grupu la WhatsApp. Enzi hizo mwisho ilikuwa watu 256, likajaa siku tatu, tukafungua la pili. Watu wanatuma buku, buku mbili, kuna dada yuko Uarabuni katuma elfu hamsini, kuna fundi mwashi kaandika sina hela ila mtaro nitajenga bure. Nilikuwa mweka hazina, na nawaambia ukweli nilikuwa nakumbuka ile namba ya kompyuta ya pembeni. Niliona lile jambo nililolionea wivu 2007 limekuja kwetu, watu wanabembeleza kutoa. Sikuwahi kuwa na furaha ya siasa kama mwezi ule.

Na mimi, mimi niliyeiona New York, sikuuliza. Hiyo naibeba.

Nilikuja kuuliza siku nne kabla ya kura. Niliandika grupu zote mbili: jamani nani ana kadi ya chama, hai, imelipiwa? Nikapata majibu ya vidole gumba mengi mno, watu wanapenda swali. Waliosema ndiyo walikuwa kumi na moja. Na kati ya hao kumi na moja nikauliza nani ni mjumbe wa mkutano wa kata, maana wanaopiga kura ni wajumbe, si kila mwenye kadi. Wawili.

Siku ya kura tulikaa nje ya ukumbi kwenye kivuli cha mti, kama watu sitini tuliotoka grupuni, tumevaa vizuri. Ndani hatuingii. Unasikia makofi hujui ya nani. Dogo alipata kura nne. Mwaka ule mnakumbuka nchi nzima watu walikuwa wanasema wajumbe si watu, na sisi tulirudi nyumbani tunasema hivyo hivyo, tunatukana kwenye grupu, kuna waliosema wamehongwa, mimi mwenyewe niliandika maneno ambayo leo nimeyafuta.

Jumapili iliyofuata dogo akaniambia twende kwa mama mmoja, mjumbe wa miaka mingi, nataka kumuuliza tu. Nilimwambia achana naye. Akaenda, nikamfuata. Yule mama akatukaribisha, akatupa chai na ndizi, hana neno. Dogo akamuuliza mama, nilikosea wapi? Akasema mwanangu, video zako niliziona zote, mjukuu alikuwa ananionyesha, na mtaro ule ni kweli, hata kwangu maji yanaingia. Akanyamaza. Akasema lakini mzee wangu alipofariki mwaka juzi tulikaa msibani siku saba, hapo ni mita mia kutoka kwenu. Hukuja. Mwenzako unayemsema hana kazi alishika daftari la michango siku zote saba.

Dogo hakujibu. Alikuwa Dar mwezi ule amefuata mzigo, lakini hakujitetea.

Sisemi wajumbe wote ni kama yule mama. Kuna waliochukua hela, nawajua, na ni ubaya usio na jina, mtu unauza kata nzima kwa bei ya kilo ya nyama. Hilo tupige kelele mpaka liishe. Lakini kwenye zile kura tulizokosa kuna kura ambazo hazikununuliwa na mtu, zilikuwa za watu wanaokumbuka nani alikaa nao. Mtandaoni tulikuwa na watu 512 wanaotupenda na hatukuwa na daftari hata moja la msiba.

*

Mkuu uliyeandika: "Kwa hiyo unasema vijana waache mitandao wakabebe majeneza?"

Hapana kaka, na naomba tusifanye mchezo na hili. Mtandao ulifanya kazi ambayo hakuna chama kingeweza kumfanyia dogo. Bila zile video asingejulikana hata na yule mama. Ninachosema ni mpangilio wa tarehe. Watu wa Paul wenyewe walijifunza. Baada ya 2008 wengi hawakurudi nyumbani, waliingia kwenye kamati za chama za wilaya, vikao vya watu kumi na tano visivyo na kamera, wakasoma kanuni. 2012 mzee akagombea tena, Iowa akapata asilimia 21 nafasi ya tatu, lakini watu wake walibaki kwenye vikao vya baadaye vya kuchagua wajumbe wakati wengine wameshaenda kulala, mpaka mkutano mkuu wa Tampa Iowa ikampa Paul wajumbe 22 kati ya 28. Wakubwa wakashtuka, wajumbe wake wengine wa Maine wakanyimwa viti, kanuni zikabadilishwa palepale mkutanoni. Hakupata urais. Lakini hao ndio watu wale wale ambao 2007 walikuwa wanarusha puto, miaka mitano tu baadaye wanaogopwa ndani ya ukumbi.

Na wewe uliyesema huku kwetu hata ukiingia majina yanakatwa juu, hilo ni kweli pia na sitalificha. Wana Arusha mnakumbuka 30 Mei 2015 Sheikh Amri Abeid, Lowassa anatangaza nia, watu mpaka juu ya miti. Huyo hata si wa pembeni, alishakuwa waziri mkuu. Waliorudisha fomu walikuwa 38, Dodoma yakabaki majina matano kabla mkutano mkuu haujagusa karatasi na lake halikuwemo. Kwa hiyo mlango si mmoja, kuna mwingine nyuma yake. Lakini ukiwa nje ya wa kwanza, huo wa pili utaulalamikia kwa kusikia tu.

Chalii wa Arusha, najua unasoma. Wafuasi wako elfu kumi na nane ni mali, usimsikilize anayekudharau. Ila kesho asubuhi, kabla hujaposti kitu, nenda ofisi ya tawi uchukue kadi. Halafu waandikie hao elfu kumi na nane, uliza wangapi wanaishi ndani ya kata yako, na hao wakachukue zao. Utapata wachache, utaumia, ni afadhali uumie sasa hivi kuliko siku nne kabla. Katiba ya chama isome mwenyewe usisimuliwe, ujue mjumbe anapatikanaje na uchaguzi wa ndani ni lini, maana hao wajumbe nao wanachaguliwa, na siku wanayochaguliwa hakuna anayeposti.

Wengi mmeuliza dogo yuko wapi. Yupo, Memorial hapo hapo. Kadi alichukua mwezi ule ule wa kushindwa, 2022 akaingia uongozi wa tawi, mwaka jana watu walimsukuma achukue fomu akakataa akasema bado. Siku ya kura alikuwa ndani ya ukumbi, ni mjumbe. Mimi nilikaa nje chini ya mti ule ule.

Mtaro bado, mvua za juzi maji yalipita alama ya chaki. Grupu la kwanza lipo, tumebaki 140 na kitu, wenye kadi ni 63, nawahesabu mwenyewe kila mwezi. Kesho kuna msiba Pasua, dogo ndiye ameshika daftari, nimeahidi kwenda kumsaidia kuandika, kwa hiyo nikichelewa kujibu komenti mnielewe.